Mto wa chini ya goti

Juzi jioni binti yangu kaingia chumbani kwa bibi yake kakumbatia mto, anataka kumwekea chini ya goti. Mama ana siku ya sita tangu abadilishiwe goti la kulia, mguu umevimba mpaka kwenye kifundo, na mtoto akimwona bibi anakunja uso kila akijigeuza basi yeye dawa anayoijua ni mto. Nilikuwa mlangoni nimeshika barafu iliyofungwa kwenye taulo, nikataka kusema usiweke, ila mama kaniwahi. "Hapana mjukuu wangu, goti halilazwi juu ya mto. Mi nilishamharibia mama yako goti hivohivo."

Kasema kwa upole tu, kama mtu anayetaja jambo lililokwisha zamani. Mtoto kanigeukia. "Kweli mama? Bibi ndo alikuharibia?"

Nikasema ngoja kwanza nimwekee bibi barafu.

Ile habari ya goti langu la kushoto kwa ufupi ni netiboli, nimeruka kudaka mpira nikatua vibaya, goti likalia ta, afu yale mambo ya vipimo, kano ya katikati ya goti imekatika, miezi ya kusubiri, oparesheni. Walichukua kano za nyuma ya paja langu mwenyewe wakazikunja wakatengeneza kano mpya, wakaipitisha kwenye matundu waliyotoboa mfupani wakaifunga. Hayo yote nilikuwa nimelala. Ni miaka 11 sasa. Ninachotaka kusimulia ni siku kumi zilizofuata, na humo ndani hasa ni dakika tatu hivi.

Asubuhi ya kuruhusiwa nesi alikuja kunipa maelekezo, mama alikuwa kaenda dirisha la dawa. Alikuwa dada mwenye haraka lakini kaeleza vizuri, hakuruka kitu. Magongo, uzito uende kwenye viganja na sio kwapani, maana kuna mishipa ya fahamu pale ikikandamizwa mkono unaingia ganzi. Ngazi, ukipanda tanguliza mguu mzima, ukishuka tanguliza magongo na mguu mgonjwa. Kifundo ukichezeshe juu chini kila mara hata ukiwa kitandani, damu isije ikaganda kwenye mishipa ya mguu. "Na mto usiweke chini ya goti hata likiuma vipi. Ukitaka kuinua mguu, mto uwe chini ya kisigino, goti libaki hewani linyooke." Kaniuliza kama nimeelewa, nikasema nimeelewa, na ni kweli nilielewa.

Usiku wa pili nyumbani ile sindano ya ganzi ilishaisha zamani na vidonge vilikuwa havifiki mpaka asubuhi. Goti lililojaa maji lina akili yake. Likikunjwa kidogo tu, kama digrii 30, nafasi ya ndani inaongezeka na msukumo unashuka, ndo maana ukiliacha linapinda lenyewe. Hilo nilikuja kuelezwa baadaye, usiku ule nilichojua ni kwamba likinyooka nalia na likipinda napumua. Nikamwita mama, nikamwambia mama niwekee mto hapa chini. Kaweka. Nikalala masaa manne, mara ya kwanza tangu oparesheni, na mama aliponiona nimelala usingizi wa kweli akaona amepata tiba. Toka siku hiyo akawa anakuja kila usiku anaukung'uta ule mto, anaukunja vizuri, anauingiza taratibu chini ya goti huku kashika kisigino kwa mkono mwingine ili mguu usitikisike. Alikuwa anafanya kwa umakini sana yaani. Na mimi kila usiku nakumbuka maneno ya nesi na kila usiku nasema kesho nitaacha.

Siku ya kumi kaka wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo, akaja. Kwetu alikuwa anakuja nyumbani kwa sababu gari nilikuwa siwezi kupanda.

Hapa ndo napotaka kukaa kidogo. Ilikuwa asubuhi, dirisha wazi, mimi nimelala chali, mama kasimama upande wa miguuni na mikono kaifumbata kifuani. Yule kaka alivuta shuka taratibu akauona mguu, na chini ya goti mto umekaa pale, umeshaingia shimo katikati, shimo la goti langu. Hakusema kitu. Akautoa akauweka kwenye kiti. Akaniambia nyoosha goti mpaka mwisho. Nikanyoosha, kwa jinsi nilivyojisikia mimi mguu ulikuwa umenyooka, ningeapa. Akatoa kile kipimo cha plastiki chenye mikono miwili, katikati akapaweka ubavuni mwa goti, mkono mmoja akaulenga kwenye nyonga na mwingine akaulenga kwenye kile kifupa cha nje cha kifundo, akainama kusoma. Akapima tena. "Digrii 18," akasema. Nikauliza hiyo ni nzuri, manake nilidhani tunahesabu kwenda juu. Akasema 18 ndo zimebaki kufika kunyooka. Kwenye kukunja sio tatizo, akasema, kukunja kutakuja, ila goti linalochelewa kunyooka linaota makovu kwa ndani na makovu yakishakomaa ni shida kuyashinda, afu ukitembea na goti lililopinda misuli ya paja haipumziki hata hatua moja, unachechemea, kiuno nacho kinaanza.

Kisha akauliza, hata hakuwa mkali, alikuwa anaandika kwenye faili lake, "Mto nani kaweka?"

Mama akasema, "Ni mimi mwanangu."

"Hamkuambiwa kule wodini?"

"Hatukuambiwa." Afu akanigeukia mimi. Uso wake naukumbuka mpaka kesho, hakuwa anajitetea, alikuwa anatafuta kujua kweli, kama mtu aliyeacha jiko linawaka akawa anauliza waliobaki nyumbani. "Au tuliambiwa?"

Nikatazama bandeji. Ilikuwa na doa la kahawia upande wa ndani, dogo, na ukingo wake ulianza kubanduka. Nililitazama lile doa kwa muda. Nilijua jibu, nilikuwa namsikia yule nesi kabisa kichwani, hata likiuma vipi.

Nikasema, "Sikumbuki."

Yule kaka akasema basi nitawaambia wodini wawe wanaeleza vizuri. Na mama akasema, kwa sauti ndogo, "Nisamehe mwanangu, sikujua." Hata sikujua anamwambia nani, yule kaka au mimi.

Hakuna aliyeliendeleza. Fizio akakunja taulo akaliweka chini ya goti, akaweka vidole vyake viwili kwenye paja juu kidogo ya pia ya goti, akasema sukuma taulo chini, kaza hapa. Nikasukuma. Hakuna kilichotokea. Nikakaza meno, nikakaza shingo, nikakaza hata mguu mzima wa upande wa pili, paja la kushoto limelala tu kama nyama ya mtu mwingine. Nilijua nimeadhibiwa, kwa kweli hilo ndo wazo lililonijia, nimesema uongo na mguu umekufa hapohapo. Yeye akaeleza bila haraka kwamba sio uvivu na sio woga, goti likivimba ndani neva zake zinapeleka taarifa kwenye uti wa mgongo na ule msuli unazimwa ili goti lisitumike, akasema hata goti zima kabisa la mtu asiyeumwa ukiliingizia maji kwa sindano msuli wa paja unalegea. Tukajaribu tena. Akawa anapigapiga paja kwa ncha za vidole, "hapa, nitafute hapa." Akasema fanya na mguu mzima kwanza, usikie unavyokuwa, afu hamishia huku. Mara ya kumi na ngapi sijui, kitu kikatetemeka chini ya vidole vyake, kidogo mno, kama kope. "Umeona?" Mama ndo aliyeona. Alikuwa keshasogea karibu bila mimi kujua na akasema "umecheza, umecheza," na macho yake yamejaa machozi.

Baada ya hapo ni kazi tu na nyingi mnaijua. Kisigino juu ya taulo lililokunjwa, goti hewani, dakika kumi, mara kadhaa kwa siku, uzito unalivuta lenyewe. Kutelezesha kisigino kitandani. Kuinua mguu wote umenyooka, wiki ya tatu ndo niliuinua bila goti kulegea katikati. Vidonge nusu saa kabla ya mazoezi, barafu baada yake. Na ile ya kulala kifudifudi miguu imening'inia nje ya godoro kuanzia juu ya goti kidogo, hiyo ndo ilikuwa kipimo chetu cha jioni, kwa sababu ukilala hivo unaona kisigino kipi kiko juu, na yule kaka alisema sentimita moja ya tofauti ni karibu na digrii moja. Mama akaichukua hiyo kazi. Kila jioni alipiga magoti mwisho wa kitanda na futi ya cherehani, ncha moja kwenye kisigino hiki na nyingine kwenye kile, anasoma, anaandika kwenye daftari. Kumi na tano. Kumi na tatu. Kumi na tatu tena. Kumi na moja. Nilikuwa kifudifudi kwa hiyo simwoni, nasikia tu magoti yake yanavyolia akishuka na akipanda, na ile pumzi anayoivuta kabla ya kusimama. Magoti yale yale. Gegedu ilishaanza kusagika miaka ile na alikuwa hasemi, na mimi nilikuwa na goti langu tu la kufikiria.

Sitawadanganya kwamba yote yalikwenda sawa. Kwenye wiki ya nane nilijisikia mzima nikataka kukimbia, fizio akanikatalia kabisa, akaeleza kwamba kano iliyohamishwa inapoteza chembe zake za zamani kwanza kabla mwili haujaipa damu na chembe mpya, na kipindi ambacho goti halikuumi tena ndo kipindi ambacho kano ni dhaifu kuliko ilivyowekwa. Nikasubiri. Uwanjani nilirudi baada ya mwaka, na kwa kuangalia tu. Kunyooka kumebaki digrii mbili hazikurudi. Ukinitazama nimesimama huzioni. Mi nazijua, nikisimama muda mrefu goti la kulia ndo linalofunga na la kushoto linatafuta.

Na kama ni ule mto kweli, hata sijui. Niliwahi kumuuliza yule kaka kwenye kikao cha mwisho, mama hayupo, akasema hawezi kusema ni mto peke yake, uvimbe wangu ulikuwa mwingi, na misuli ya nyuma ya paja ilikuwa imekatwa kano ikawa inajikaza kujilinda, kuna watu hawajawahi kuweka mto na goti likagoma hivohivo. Ilikuwa nafasi nzuri ya kumwambia kwamba nesi yule alieleza kila kitu. Sikumwambia. Sijui kama kweli alikwenda kumsema wodini. Namfikiria yule dada mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza, alifanya kazi yake vizuri na huenda alisemwa kwa ajili yangu.

Ila sikuwahi kuwaza kwamba mama kalibeba miaka yote hii. Nilidhani lilipita. Hajawahi kulitaja, sio mara moja, mpaka juzi alipolitoa mbele ya mjukuu kama onyo. Nimelilia usiku, sitaki kusema uongo tena.

Leo asubuhi nilikuwa naye kwenye mazoezi. Kisigino kiko juu ya taulo, dakika kumi, jasho linamtoka kwenye paji la uso, hasemi kitu. Binti yangu kakaa pembeni anashika saa. Kwa mama tunapima na mkono, nikipitisha kiganja kati ya goti na godoro akiwa kalala amenyoosha. Siku ya kwanza kiganja kilipita chote na nafasi ikabaki. Leo vimepita vidole vitatu.

"Vitatu," nikamwambia.

"Juzi vilikuwa vinne," mama akasema, kafumba macho. "Andika."

Mtoto akaandika kwenye daftari. Afu akanitazama, bado ana lile swali lake, nilimwona analo.

Nikasema, "Mama."

"Naam."

Mkono wangu ulikuwa bado chini ya goti lake, pa moto, unasikia mapigo kabisa. Mama kafungua macho ananisubiri.

"Kaza paja," nikasema. "Sukuma mkono wangu chini."

Akasukuma.