Amepatwa na Haya Tangu Lini?

Wapendwa, Bwana asifiwe. Somo letu wiki hii ni Marko 9:14–29, habari ya baba aliyemleta kwa Yesu mwanawe mwenye pepo. Nimeisoma nikiwafikiria watoto wetu wanaonaswa na dawa za kulevya.

Habari hii huwa tunaikimbiza hadi pale pepo anapotoka. Mimi nimekwama mstari wa 21. Kijana anagaagaa chini, povu linamtoka, umati unasogea, na Yesu hamgusi kwanza. Anamgeukia baba: amepatwa na haya tangu lini? Na baba anajua. Tangu utoto, mara amtupe motoni, mara majini.

(Niseme mapema: sisemi kijana anayetumia dawa za kulevya ana pepo. Neno hilo humfunga mdomo kabla hajasema lolote. Uraibu ni ugonjwa, na una matibabu.)

Ningeulizwa mimi juu ya mtoto wangu, ningejibu nini? Tangu lini anakesha usiku na kulala mchana? Rafiki zake wa zamani waliacha lini kuja, na hawa wapya mbona hawaleti nyumbani? Macho mekundu na njaa ya ghafla huenda ni bangi. Mboni zilizosinyaa kama ncha ya sindano, naye anasinzia katikati ya mazungumzo, zinaelekeza kwenye heroini au vidonge vikali vya maumivu. Nguo zinanuka gundi. Vidonge vya bibi vinapungua. Lakini dalili moja isikupe hukumu: balehe yenyewe ina hasira zake, na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, hufanana mno na ulevi. Tazama mabadiliko, hasa yanapokuja kadhaa kwa pamoja.

Sehemu ya ubongo inayopima matokeo ya jambo huendelea kukomaa hadi miaka ya 20 na kitu, ilhali ile inayotamani raha huwahi. Ndiyo maana anayeanza akiwa na miaka 14 hunaswa kwa urahisi kuliko anayeanza ukubwani. Tena wengi hata raha hawaitafuti. Wananyamazisha kitu: msiba, wasiwasi, kuonewa, kuguswa vibaya na mtu wa karibu ambaye hawathubutu kumtaja.

Yesu aliuliza bila kukaripia. Nawe uliza hivyo, mtoto akiwa hajalewa, mkiwa wawili tu. Akikiri, tafadhali usimfungie chumbani afunge na kuomba mpaka aache. Aliyezoea pombe au vidonge vya usingizi kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa. Mpeleke kwa daktari, na maombi yaende naye. Ukimkuta haamki, anapumua kwa shida, midomo imegeuka rangi, mlaze ubavu na utafute msaada wa hospitali saa hiyohiyo; aibu ya majirani itasubiri.

Usiku huu, kabla ya kupiga magoti, chukua karatasi uandike ulichoanza kukiona, na lini. Daktari naye atakuuliza swali lilelile.