Nyeusi ipi? Rangi asilia ya springi na mikono ya Peugeot 504

Nilipoinua mpira uliokaa juu ya springi ya mbele kulia ya Peugeot 504 yangu, nilikuta chini yake duara jembamba la rangi nyeusi ambalo halikuwa limeguswa na jua, matope wala brashi ya mtu tangu chuma kile kilipotoka kiwandani. Upana wake ulikuwa kama wa kidole gumba. Kwingine kote springi ilikuwa imevikwa tabaka juu ya tabaka: rangi ya mkebe, juu yake lami ya kuzuia kutu, na juu ya lami mafuta machafu ya injini yaliyopakwa na mmoja wa waliolimiliki gari hili kabla yangu. Mimi mwenyewe nilikuwa tayari nimenunua lita moja ya rangi nyeusi ya kung'aa. Nilipoweka tone lake kando ya lile duara, nilijua kwamba fedha ile imepotea.

Kwa wasomaji wasiolifahamu vizuri gari hili, 504 ilizinduliwa mwaka 1968, ikawa Gari la Mwaka la Ulaya mwaka 1969, na ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Sifa hiyo ya pili ndiyo iliyolipa heshima huku kwetu, nayo kwa sehemu kubwa ilitokana na vyuma vya chini: springi ndefu na laini zilizolifanya gari lipite kwenye makorongo bila kumrusha abiria. Saluni niliyonayo ina springi za kuzunguka pande zote nne, ilhali pikapu ya 504 hutumia springi za majani nyuma, na ile ya familia ina springi nne nyuma, mbili kila upande. Nayataja haya kwa sababu anayenunua springi iliyotumika ili ainakili rangi yake hana budi kuhakikisha kwanza kwamba imetoka kwenye gari la aina yake.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuufikia ukweli bila kuufuta. Brashi ya waya niliiweka mbali. Nilianza na mafuta ya taa na mswaki wa zamani, kisha maji ya sabuni, halafu pamba iliyoloweshwa petroli kidogo, nikiwa nje na mbali na moto wowote. Pamba hiyo ndiyo hutenganisha ya kale na ya juzi: ikitoka na doa la kahawia, hapo unafuta lami, kwa kuwa lami huyeyuka katika petroli, pamba ikianza kutoka safi na weusi ukabaki palepale, umeifikia rangi iliyokaushwa ikashika. Hata hivyo sikuliamini duara la chini ya mpira peke yake, kwa maana mpira unaokaa miaka mingi juu ya rangi huweza kubadilisha mng'ao wake. Nilitafuta shahidi wa pili, nikampata nyuma ya kibano kinachoshikilia mpira wa breki, na wa tatu chini ya kichwa cha bolti ya mkono wa chini, yaani chuma kinachounganisha gurudumu na gari. Mashahidi hao watatu walikubaliana: nyeusi isiyo na ubluu, yenye mng'ao wa nusu, ambayo ukingoni, ilipokuwa nyembamba, ilielekea kwenye kahawia.

Nilimpelekea springi hiyo mzee mmoja anayepaka magari rangi jirani na ninapokaa Mombasa.

"Mwanangu," akaniambia, "nyeusi si ni nyeusi tu?"

"Shikamoo mzee. Nami nilidhani hivyo."

Akacheka, na hapo nikatambua kwamba alikuwa ananipima. Alichukua kipande cha kioo, akadondosha juu yake matone ya nyeusi nne tofauti alizokuwa nazo, na katika kila tone akachanganya nyeupe kidogo kwa ncha ya njiti. Mara nyeusi zikafichua asili zao. Mbili ziligeuka kijivu chenye ubluu kama anga la jioni, moja ikawa kijivu kitupu, na ya nne ikawa kijivu cha majivu ya kuni, chenye ukahawia. Hiyo ya nne ndiyo tuliyoianzia. Nimesoma mengi kuhusu rangi, lakini somo la dakika tano kwenye kile kioo limenifaa kuliko yote.

Walio na kadi za RAL, yaani mpango wa rangi zilizopewa namba, wanaweza kuzitumia kama kipimo cha kuanzia. Mpango huo ulianza Ujerumani mwaka 1927 ukiwa na rangi 40, na leo una nyeusi kadhaa, kama vile 9004, 9005, 9011 na 9017, ambazo ukiziweka pamoja juani utashangaa zinavyotofautiana. Ila kiwanda cha Kifaransa hakikuwa na sababu ya kupaka mkono wa chini kwa kufuata kadi ya Kijerumani, kwa hiyo namba hukusaidia kuelewana na muuza rangi, wala haithibitishi kwamba umepata asili. Ulinganishe nje, kivulini, wakati wa mchana. Kisha uhame, uangalie tena chini ya taa ya gereji. Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa mahali pamoja na kuachana mahali pengine, kwa sababu vitu vilivyotiwa ndani yake havirudishi mwanga kwa namna moja.

Baada ya aina ya weusi huja mng'ao, na kwa maoni yangu huu ndio unaowaangusha wengi. Mtu anayeinama kutazama chini ya gari la mwaka 1974 hatasema kwamba weusi una ukahawia pungufu, lakini ataona mara moja kama mikono inameta kama viatu vya askari wa gwaride. Nilitengeneza vibati sita vya majaribio, vyote vikiwa vya chuma na vyenye praima ileile nitakayoitumia, nikaongeza unga wa kupunguza mng'ao kwa vipimo tofauti, nikaandika nyuma ya kila kimoja kiasi cha unga, cha hadina (ya kugandisha rangi) na cha tina (ya kuizimua). Vilikauka siku mbili kabla sijavihukumu, maana rangi mbichi hung'aa kuliko itakavyokuwa. Cha nne kilikuwa karibu, cha tano kikakubali.

Hali ya hewa ya pwani nayo ina usemi. Siku ya kwanza nilipuliza asubuhi mapema baada ya mvua, na kibati kikapata ukungu mweupe kama pumzi kwenye kioo: tina ilipokuwa ikiruka kwa haraka ilipoza uso wa rangi, na unyevu wa hewa ukatua juu yake. Nilihamia saa nane mchana siku ya jua, nikabadilisha nikatumia tina inayokauka polepole, na ukungu haukurudi.

Namna kiwanda kilivyopaka nayo ni sehemu ya rangi. Vyuma vya chini vya magari mengi ya zamani vilichovywa katika birika vikatundikwa vichuruzike, hivyo ukingo wa chini hubeba matone yaliyogandia njiani. Kuanzia miaka ya 1960, Ford wakiwa miongoni mwa waanzilishi, viwanda vilianza kupitisha umeme katika birika hilo ili rangi ivutwe na chuma, na tabaka la aina hiyo huwa sawa hata pembeni. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa na matone matatu upande mmoja. Niliacha bunduki ya kupulizia rangi ilemee kidogo mahali hapohapo, nikapata mawili. Mafundi wa gari la maonyesho watanicheka, lakini msasa ungenipa kitu ambacho kiwanda hakikuwahi kukitoa.

Kosa langu kubwa lilitokea kabla ya haya yote. Nilipeleka mkono wa kulia kwenye karakana moja mjini ipakwe rangi ya unga, nikaahidiwa kwamba bushi, yaani mipira ya kwenye maungio yake, zitatolewa kwanza. Hazikutolewa. Rangi hiyo huokwa kwenye joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi, na mpira wa bushi ukarudi umekauka na kupasuka. Hata kama bushi zingesalimika, tabaka lilikuwa nene kiasi cha kuzifuta alama zilizopigwa kwenye chuma, nalo lilimeta kama plastiki.

Springi zinahitaji tahadhari zaidi. Usikubali zitumbukizwe kwenye asidi ili kuondoa kutu, kwa sababu chuma kigumu cha springi hunyonya haidrojeni katika kazi hiyo na huweza kuvunjika ghafla siku nyingine ukiwa barabarani. Kabla hujasafisha, tafuta pia doa au mstari wa rangi uliopigwa kwenye mzunguko mmojawapo, maana viwanda vilitumia alama za namna hiyo kutenganisha springi za nguvu tofauti. Springi yangu ya kulia ina michirizi miwili ya manjano iliyofifia. Ya kushoto niliisugua kabla sijajua, na sasa sina njia ya kusema kama ziliwahi kuwa jozi moja.

Bolti sikuzipaka nyeusi. Zile zilizokuwa na zinki ya manjano, yenye rangi za kuchezacheza kama petroli iliyomwagika juu ya maji, nimezitenga zikapakwe upya kwa njia ileile. Shokapu za nyuma ni za manjano na buluu za Bilstein, alizozifunga mtu miaka mingi baada ya gari kutoka kiwandani; bado zinafanya kazi vizuri, kwa hiyo zitabaki zilivyo.

Lile duara la chini ya mpira sikulipaka. Nililizungushia utepe wa karatasi, nikapuliza hadi mpakani, na utepe ulipotoka mpaka ule ulionekana tu nilipouinamisha uso wa chuma kwenye mwanga. Kisha mpira ukarudi juu yake, springi ikafungwa, na mkebe uliobaki nikauandikia: "504 mbele, kibati cha tano, saa nane mchana."