Siku moja maishani mwangu: nasoma mawe ya shaba, na jana mita 3 zilipotea

Watu wakisikia mi ni mwanajiolojia wa shaba wanadhani nazunguka milimani na nyundo naokota vitu vinavyong'aa. Siku nyingi niko bandani, nimeinama juu ya trei za mawe tangu asubuhi mpaka mgongo unagoma, nasoma sentimita kwa sentimita. Mawe yenyewe ni ya kijivu, ukiyakuta njiani huyaangalii mara mbili. Lakini karibu robo tatu ya shaba inayochimbwa duniani inatoka kwenye aina hii ya mwamba, unaitwa pofiri, kwa hiyo waya ulio ndani ya ukuta wako kuna uwezekano mkubwa ulianzia kwenye jiwe kama hili. Nawaandikia siku ya jana ilivyokwenda, muone kazi yenyewe ikoje.

Saa 11 alfajiri. Nimeamka, helmeti, buti, lenzi shingoni, kalamu ya sumaku, kichupa cha asidi. Redio inasema zamu ya usiku imefika mita 468 kwenye shimo tunalochoronga. Sawa.

Saa 12. Gari limeshusha trei. Vijana wanaziosha, wanazipanga kwa namba, tunapiga picha kila moja ikiwa kavu na ikiwa mbichi. Kwa asiyejua: mashine ya kuchoronga ina biti ya almasi yenye tundu katikati, inakata mwamba kwa duara, katikati kinabaki kijiti cha jiwe, ndo tunaita kore. Kila mita 3 wanaivuta juu kwa waya, wanailaza kwenye trei, mwisho wake wanaweka kibao chenye kina. Kile kibao ni kila kitu, mtakuja kuona.

Saa 1 mpaka saa 4 nimelogi mita 390 hadi 420, yaani nasoma jiwe na kuandika madini yaliyomo. Serisaiti, kwotsi, pairaiti. Serisaiti, kwotsi, pairaiti. Mwamba umechemshwa na maji ya kale mpaka feldispa zote zimegeuka serisaiti, unga mweupe unaoteleza kidoleni, na kila mpasuko una mshipa wa pairaiti wenye ukingo mweupe. Inang'aa njano ile mbaya, mgeni akiona anashangilia, mi naona chuma na salfa tu. Shaba kidogo sana.

Saa 4 na robo ujumbe kutoka kwa mkuu: "Habari za kazi. Naona mita 120 za pairaiti tupu. Tukifika 480 tufunge shimo tuhamishe mashine. Unasemaje?"

Hapa lazima nieleze kidogo maana ndo kiini cha siku nzima.

Pofiri inazaliwa pale sahani ya ardhi ya bahari inapozama chini ya sahani nyingine. Magma inapanda, inajikusanya kilomita nyingi chini, halafu ndimi zake zinapenya juu na kuganda kilomita chache tu toka usoni. Ikiganda inatema maji ya moto sana yenye chumvi, salfa na metali, presha inakuwa kubwa mpaka mwamba unapasuka nyufa maelfu kwa maelfu, na ndani ya kila ufa maji yanaacha kwotsi na shaba. Ndo maana hakuna mkanda mmoja mnene wa kuufuata kama kwenye dhahabu ya mishipa, shaba imesambaa kama kitambaa kilichoshonwa na nyuzi nyembamba kila upande. Na maji hayo yanabadilisha mwamba kwa tabaka, kama nguo zilizovaliwa moja juu ya nyingine. Ndani kabisa kwenye joto kunakuwa na bayotaiti ya kahawia, feldispa ya pinki na magnetaiti inayovuta sumaku, na mara nyingi hapo ndo shaba nzuri inakaa. Nje na juu yake kuna ule weupe wa serisaiti na pairaiti nyingi, na huu huwa unakuja baadaye na kula ule wa kwanza. Mbali zaidi mwamba unakuwa kijani kwa kloraiti na epidoti.

Kwa hiyo mkuu akiona pairaiti tupu anaona shimo bovu. Mi naona tumevaa nguo ya nje, bado hatujafika mwilini. Lakini huwezi kumwambia mtu anayelipia mashine "nahisi", lazima umwonyeshe mita kamili ambayo nguo inabadilika. Nikamjibu: mkuu naomba mpaka jioni.

Saa 5. Nafika trei ya mita 423. Hapo ndo siku ilipoharibika.

Kibao cha juu 423, kinachofuata 426, kati yake zinatakiwa ziwe mita 3 za kore. Napima, 5.9. Napima tena, namwita kijana ashike mwisho wa futi, 5.9. Sasa bomba la kore lina urefu wa mita 3, haliwezi kuleta karibu mita 6 kwa mkupuo mmoja hata ulibembeleze. Maana yake kuna mvuto mmoja mzima haukuwekewa kibao wala haukuandikwa, na kama haukuandikwa basi kila kina kuanzia hapo kwenda chini ni cha uongo kwa mita 3. Mita 45 za kore zilizobaki zote. Na kwenye msumeno vijana walishakata sampuli 8 za chini ya hapo, nusu iko kwenye mifuko imefungwa na tiketi zake. Nikapiga kelele simamisha msumeno, simamisha!

Nikamwita msimamizi wa wachorongaji kwenye redio ahesabu rodi, yale mabomba ya chuma yanayoungwa kushusha biti shimoni. Mtu mzima, ana miaka mingi kwenye mashine kuliko mi kwenye kazi, namheshimu sana. "Mzee shikamoo, naomba uhesabu rodi." "Marahaba dada. Rodi zangu ziko sawa." "Mzee nina mita 5.9 kati ya 423 na 426." "Vijana wako wamechanganya trei." Nikasema sawa, ngoja nihakikishe upande wangu kwanza, na hiyo ilinichukua zaidi ya saa mbili maana alikuwa na haki ya kuuliza, trei zikichanganywa njiani inatokea kweli.

Unahakikishaje? Unachukua kipande, unakizungusha mkononi mpaka meno ya mvunjiko yake yakae kwenye meno ya kipande kinachofuata, kama chungu kilichovunjika. Kikikaa unachora mstari juu ya vyote viwili. Kinachofuata, kinachofuata. Jua limepanda, bati la banda linawaka, jiwe limelowa linateleza, magoti chini kwenye changarawe. Kwenye mita ya pili nikakuta vipande viwili vimegeuzwa, juu chini, nikajua kwa sababu kuna mshipa wa kwotsi wa zamani uliokatwa na mshipa wa pairaiti na ule mkato ulikuwa unaelekea kinyume na kipande cha jirani. Wanajiolojia waliosoma mgodi wa El Salvador kule Chile, Gustafson na Hunt, mwaka 1975 waliipa hii mishipa herufi, A ya mwanzo kwenye joto, B, halafu D ya mwisho yenye pairaiti na ukingo mweupe. D inamkata A, A hamkati D. Kila nikiona ule mkato najua yupi alitangulia, miaka mamilioni baadaye bado unaonekana, na hilo sijawahi kulizoea.

Vipande vyote vikakaa. Mita 5.9 bila pengo, kasoro vile vijisentimita 10 vilivyosagika. Trei hazijachanganywa.

Nikarudi redioni, saa 7 na nusu hiyo, sijala, sauti yangu haikuwa nzuri nakiri. "Mzee, zote zinaungana. Naomba sana uhesabu zilizobaki juu kwenye rafu, sio zilizoko shimoni." Kimya. Kuhesabu zilizobaki ni dakika chache, unajua zilizoletwa ngapi, unatoa, unapata zilizoingia. Baada ya muda akarudi, sauti imeshuka. "Dada, imepungua moja." Usiku mvua ilinyesha, wakabadilishana watu katikati ya mvuto, aliyeingia hakuandika. Rodi moja ni mita 3. Akasema pole, nikamwambia pole na nyinyi, na nilimaanisha, maana kusimama pale usiku kwenye matope na chuma kinazunguka mbele yako sio mchezo.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Tulifuta vibao vyote na kuandika upya, 426 ikawa 429, 429 ikawa 432, mpaka mwisho, 468 ikawa 471. Picha zote zirudiwe. Sampuli 8 zilizokatwa, namba za tiketi hazibadilishwi, kinachobadilika ni mita kwenye daftari, na kila badiliko naweka sahihi na tarehe, simfichi mtu. Kuna watu wataniuliza inajalisha nini mita 3 kwenye shimo la mita 471. Inajalisha kwa sababu mtu atachora mwili wa mbale, yaani mwamba wenye shaba ya kuchimbwa, kutokana na mashimo haya, atachora mipaka, na mpaka ukikosewa kwa mita 3 kwenye shimo moja halafu lingine na lingine unakuwa umechora kitu ambacho hakipo chini.

Sasa jua limeshaanza kulala ndo narudi kulogi, macho yanauma, nasogeza lenzi. Pairaiti. Pairaiti. Halafu kwenye mita iliyosomeka 458, ambayo sasa ni 461, ule weupe unaanza kupasuka mabakamabaka na kati yake kuna kahawia. Nikailowesha. Bayotaiti, ndogondogo, imekaa kama unga wa kahawia ndani ya mwamba. Nikachukua ncha ya chuma nikakwaruza chembe ya njano kwenye mshipa. Pairaiti chuma hakiikwaruzi, ni ngumu. Hii ilichubuka, ikatoa unga wa kijani cheusi. Kalkopairaiti. Hiyo theluthi yake na zaidi kidogo ni shaba, kwa hiyo mwamba ukiwa na asilimia 1 tu kwa uzito una kama kilo 3 na nusu za shaba kwenye tani. Mita 463 nyingi kidogo. Mita 467 kalkopairaiti inazidi pairaiti, na kalamu ya sumaku inaanza kuvutwa. Nikakaa chini kwenye ndoo. Kijana akaniuliza "dada vipi?" nikamwambia lete tochi.

Usiku nikampigia mkuu. Nilimwambia kila kitu, kosa la vibao kwanza, halafu 461. Akasema mita 10 sio mgodi. Ni kweli. Nikamwambia mkuu, kazi hii imejaa watu waliosimama mapema. Oyu Tolgoi kule Mongolia kulikuwa na waliochoronga kabla, mashimo yao mengi mafupi, wakaondoka, halafu mwaka 2001 shimo namba 150 likapita mita 508 zenye shaba asilimia 0.81 na dhahabu gramu 1.17 kwa tani. Grasberg kule Indonesia ilikuwa kilomita kama 3 tu kutoka mlima wa Ertsberg, ambao mwanajiolojia Dozy aliuona mwaka 1936, watu wakachimba Ertsberg miaka mingi na utajiri wa Grasberg umekuja kujulikana 1988. Na mwanajiolojia David Lowell kule Arizona hakuwa na shaba ya kuonyesha, alikuwa na tabaka za mwamba tu kama hizi zangu, aliona mwamba wa mgodi wa San Manuel umebadilika upande mmoja kama kitu kilichokatwa nusu, akasema nusu nyingine imesogezwa na mpasuko, wakachoronga miaka ya 1960 wakaikuta, Kalamazoo. Mwaka 1970 yeye na mwenzake Guilbert wakachapisha ule mchoro wa tabaka ambao mpaka leo kila mmoja wetu anatembea nao kichwani.

Akanyamaza kidogo. Akauliza una uhakika na 461? Nikamwambia nimeiunganisha kwa mikono yangu kipande kwa kipande tangu 423, na rodi zimehesabiwa.

"Nakupa 60 kutoka 480. Zikiisha hakuna kitu tunahama."

Mita 60, rodi 20. Nikawaambia wachorongaji redioni, mzee alikuwa bado hajalala, akasema leo kila mvuto nasimamia mwenyewe dada, kila kibao.

Naandika hii saa 6 usiku. Mikono ina harufu ya jiwe lililolowa, magoti yamevimba. Mashine naisikia juu mlimani inazunguka. Trei ya 474 inashuka alfajiri.