Juni 1921 hakuwepo nyumbani

Kasha la bibi yake mama mkwe limehamia kwetu hapa Aberdeen, Uskoti, na tangu liingie ndani sijatulia. Ni la mbao, bawaba zimeliwa na kutu. Ndani mlikuwa na Biblia ya Kigaeli, lugha ya kwao, kisu kifupi, na vitambaa vyembamba vilivyoviringishwa vizuri. Mama mkwe anasema bibi alikuwa akivifunga vidoleni wakati wa kutumbua samaki wa heringi, maana chumvi ya mapipa ikiingia kwenye jeraha, hulali.

Alitoka kisiwa cha Lewis, magharibi mwa Uskoti. Mimi nilimjua kwa picha ya uzeeni tu. Sasa nimemkuta kwenye sensa ya 1911, mtoto wa miaka 9, baba mvuvi. Mwaka ule wanawake walioolewa waliulizwa wamezaa watoto wangapi, na wangapi bado wako hai. Mama yake: 9, kisha 6. Karani kaandika tarakimu mbili, kahamia nyumba ya jirani. Mimi nilishindwa kuhama.

Nikawatafuta wale watatu kwenye daftari za vifo. Uskoti ilianza kuandikisha vizazi na vifo kisheria mwaka 1855, na cheti cha kifo cha huku humtaja mama kwa jina la ukoo wa kwao. Hiyo ni rehema kubwa, kwani vijiji vya Lewis vimejaa majina yanayofanana. Mmoja aliondoka na surua, wawili na kifaduro. Na bibi alirithi jina la dada yake aliyetangulia. Nilipomweleza mama mkwe alinyamaza, kisha akafungua ile Biblia na kunionyesha jina hilohilo limeandikwa mara mbili, wino tofauti. Miaka yote alidhani mtu aliandika akasahau, akarudia.

Sensa ya 1921 ilifunguliwa kwa umma mwaka 2022. Nyumbani kwao hayumo. Ilipangwa ifanyike Aprili, ikasogezwa hadi Juni 19 kwa sababu ya mgogoro wa wachimba makaa ya mawe. Juni ulikuwa msimu wa heringi visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa mwa Uskoti, na wasichana wa Lewis waliwafuata samaki bandari kwa bandari, mpaka Great Yarmouth kule Uingereza ifikapo Oktoba. Kumbe yuko Lerwick, bandari ya Shetland, miaka 19, kibanda kimoja na wasichana wawili wa kijijini kwao. Walifanya kazi watatu watatu hivyo: wawili wanatumbua, mmoja anapanga kwenye pipa. Sensa isingeahirishwa, karani angemkuta jikoni kwa mama yake, nami nisingejua kisu kile kilifika wapi.

Iliyobaki ni ya 1931. Ya Uingereza iliteketea kwa moto mwaka 1942, ya Uskoti ikasalimika, ila itafungwa mpaka itimize miaka 100. Nimeshamwambia mama mkwe ajitunze sana, tuisome pamoja.