Jinsi nilivyotenganisha malipo ya MTN na Airtel kwenye mfumo wa sako

Mfumo wa malipo ya simu wa sako (chama cha akiba na mikopo) moja ya Kampala ulikuwa na klasi, yaani fungu la msimbo, MalipoAirtel iliyorithi msimbo wa klasi MalipoMtn, kisa kuokoa mistari michache ya msimbo. Ukaguzi wa namba za simu ulikuwa ndani ya mzazi, yaani MalipoMtn. Ulipokazwa upokee 077 na 078 za MTN tu, wateja wa Airtel wa 070 na 075 wakakataliwa. Airtel si aina ya MTN, basi urithi haukuwa na kazi hapo.

Kwanza niliandika majaribio ya tabia iliyopo, bila kugusa kitu. Kisha nikaunda intafesi (orodha ya kazi ambazo kila klasi lazima ifanye) Mlipaji yenye methodi, yaani kazi, mbili, lipa na hakiki, na kila mtandao ukapata klasi yake. Mambo ya pamoja yakawa vitu vidogo ambavyo klasi hupewa inapoundwa, kwenye konstrakta: Namba, inayogeuza 0772 kuwa 256772, na KikokotooKodi, chenye ile kodi ya Uganda ya asilimia 0.5 ya kutoa pesa kwenye simu.

Kiwango hicho kisiandikwe ndani ya klasi. Mwaka 2018 kilianza kwa asilimia 1, kikapunguzwa mwaka huohuo. Kiweke kwenye jedwali lenye tarehe ya kuanza kutumika, la sivyo ripoti za zamani zitakokotolewa kwa kiwango kipya. Fedha nazo zihifadhiwe kama namba kamili. Senti hazitumiki Uganda.