Kumbukumbu ya mradi: ngao mbili za Louis XIV kwenye bamba la shaba

Ngao, yaani alama za ufalme, nimemaliza kuzichonga. Uso wa mfalme bado sijaugusa, wala sina haraka nao. Kadiri ninavyozidi kunakili picha za kuchongwa za enzi ya Louis XIV wa Ufaransa, ndivyo ninavyoona uso wenyewe hausemi mengi. Ujumbe uko pembeni na chini.

Chukua picha aliyoichora Hyacinthe Rigaud mwaka 1701, ambayo baadaye Pierre Drevet aliichonga kwenye shaba. Mfalme ana miaka 63, lakini miguu iliyo ndani ya soksi za hariri ni ya kijana mcheza dansi! Ubavuni ana upanga unaohusishwa na Charlemagne, mfalme wa kale wa Wafranki, yaani madai ya ufalme yanarudi nyuma karne tisa. Fimbo ya kifalme ameielekeza chini, kaiegemea kama mkongojo. Picha hiyo ilikuwa apelekewe mjukuu wake, Felipe V, aliyekuwa ametoka kurithi Hispania. Mzee alipoiona akaipenda, akabaki nayo.

Mimi nimeanzia kwenye ngao: Ufaransa yenye mayungiyungi matatu, na Navarre, ufalme mdogo wa mpakani mwa Ufaransa na Hispania, yenye minyororo, zimekaa bega kwa bega. Ya pili ndiyo inayotaja nasaba. Henri IV, babu yake Louis, alikuwa mfalme wa Navarre kabla ya kuipata Ufaransa mwaka 1589, na ndiye wa kwanza wa ukoo wa Bourbon kukikalia kiti hicho.

Sasa, wino ni mweusi tu, buluu utaionyeshaje? Kuna utaratibu ulioenezwa na Mjesuiti Silvester Petra Sancta mwaka 1638, mwaka uleule aliozaliwa Louis: mistari ya mlalo ni buluu, ya wima ni nyekundu, vitone ni dhahabu. Kwa hiyo ngao ya Ufaransa nimeijaza mistari ya mlalo, ya Navarre ya wima, na vitone nimeviweka kwenye maua na minyororo. Burini, yaani patasi ndogo ya chuma ya kuchongea, ikisukumwa, uzi wa shaba unajikunja mbele ya ncha, na kingo za mfereji zinabaki na ukali. Usipoukwangua, wino unashika pasipotakiwa. Tena kila kitu huchongwa kinyume: kwenye bamba Navarre iko kushoto, ili kwenye karatasi Ufaransa ishike kushoto kwa mtazamaji, upande wa heshima.

Kinachofuata ni mkufu wa Nishani ya Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa na Henri III mwaka 1578. Msalaba wake una njiwa katikati, na kwa kipimo cha bamba langu atakuwa mdogo mno, kwa hiyo kwanza nanoa burini upya.