Makonyo Ndani ya Karafuu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la juma hili ni fupi, Wakolosai 4:6: "Maneno yenu yawe na neema siku zote, yakikolea munyu, mpate kujua jinsi iwapasavyo kumjibu kila mtu." Aya hii nimewahubiria wengine mara nyingi. Safari hii imenigeukia mwenyewe.

Mnaoishi huku Pemba mnajua kwamba msimu wa karafuu ukipamba moto hakuna anayekaa bure. Mchana watu wako juu ya mikarafuu, usiku wako barazani wanachambua. Mie sina hata mkarafuu mmoja, ni mwalimu wa kuja tu, lakini jirani yangu, mzee mmoja Mwislamu, ana shamba, na baada ya sala ya isha huenda kumsaidia. Kuchambua ni kazi ya vidole. Mdomo unabaki na nafasi yake, na mdomo wenye nafasi huku kwetu haukawii kufika kwenye dini.

Usiku ule alikuwapo mpwa wake, kijana aliyekuja likizo. Akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, nyinyi mnasema mtu anaokoka kwa neema, si kwa amali zake. Sasa kesho akenda akaiba?"

Nilimjibu kama niliyekuwa nikimsubiri. Nikampa Waefeso 2, nikampa Warumi 3, kabla hajavuta pumzi nikampa Wagalatia. Kila alipofungua kinywa nilimkata. Mwisho nikamwambia dini yake ni ya mizani, watu wanahesabu thawabu kama muuza duka anavyohesabu mauzo ya jioni. Akanyamaza. Akajipangusa mikono, akasema, "Haya mwalimu, nimeshindwa," akaingia ndani. Nami nikatulia, najiona nimeitetea Injili.

Mzee hakusema kitu kwa muda. Kisha akauvuta ungo wangu kwenye mwanga wa taa, akapekua kidogo kwa kidole. "Mwalimu," akasema, "leo makonyo yako mengi."

Kwa wasioijua kazi hii: karafuu huchumwa na vikonyo vyake, kisha huchambuliwa, karafuu huku na makonyo kule, ndipo zianikwe kwenye majamvi. Makonyo hayatupwi, yana soko lake, yanakamuliwa mafuta kiwandani Wawi. Ila yakibaki ndani ya gunia la karafuu yanashusha daraja, na bei inashuka nayo. Kwenye ungo wangu yalikuwa yamechanganyika mno. Nilikuwa nikichambua dini ya mwenzangu, mikono haikujua inafanya nini. Sina hakika hata leo kama mzee alikuwa anasema habari za karafuu peke yake.

Niliporudi nyumbani nilifungua tena aya niliyompiga nayo yule kijana. "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Aya inayokataza kujisifu nilikuwa nimeisoma kwa kujisifu. Nimeijua neema, wewe hukuijua, basi mimi ni bora. Hapo neema imekuwa amali yangu, tena amali ninayodai malipo yake papo hapo, mbele za watu.

Halafu kuna jambo la pili, nalo ni la aibu kwa mtu anayefundisha watoto Jumapili. Kesho yake mzee aliniuliza taratibu: "Jana ulimwambia mtoto kwamba sisi tunaingia peponi kwa amali zetu. Nani kakwambia?" Akanisimulia hadithi ya Mtume wao, iliyomo katika Bukhari na Muslim, vitabu vyao vya hadithi za Mtume, kwamba hakuna atakayeingizwa peponi na amali zake. Masahaba wakauliza, hata wewe? Akajibu, hata mimi, isipokuwa Mwenyezi Mungu anifunike kwa rehema yake.

Nilikuwa sijui. Miaka yote nimewaambia watoto wetu: wao matendo, sisi neema, kwisha. Tofauti ipo, wapendwa, nayo si ndogo. Sisi tunasema msamaha ulimgharimu Mungu mwenyewe, na gharama hiyo ililipwa msalabani. Mzee anasema Mungu akitaka kusamehe anasamehe, kwa nini amhitaji mtu wa kufa? Hapo ndipo tunapoachana, na sitaki kupafunika kwa maneno laini. Lakini mimi nilikuwa nikigombana naye mahali ambapo hata hayupo.

Neno lenyewe nalo lina mambo yake. Ukisema neema kwenye baraza ya Pemba, anachosikia jirani ni mvua imenyesha, mikarafuu imezaa, watoto wana nguo za sikukuu. Mwaka wa neema. Unaposema tumeokolewa kwa neema, ana haki ya kukukazia macho. Askofu Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na kufanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko, hakuja na Kiswahili chake kutoka Uingereza. Alikikuta midomoni mwa Waislamu wa mji ule. Imani, dhambi, toba, rehema, na hiyo neema, yote yalikuwa yakisemwa barazani kabla ya sisi kuyaimba kanisani. Tumeazima kanzu ya jirani, kisha tunamcheka kwamba hajui kuivaa.

Na si maneno tu. Wanafunzi wa kwanza wa misheni ya Steere hapa Zanzibar walikuwa wavulana watano waliookolewa kwenye jahazi la watumwa, na aliyewakabidhi kwa Askofu Tozer, mkuu wa misheni hiyo, mwaka huohuo wa 1864 alikuwa Sultani Majid. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwa shemasi. Nalitaja hili kwa sababu nimewahi kumsikia ndugu yetu akiitumia Mkunazini, pale mjini Unguja, kama rungu: soko lenu la watumwa lilifungwa 1873, na Krismasi ya mwaka huo sisi tukaweka jiwe la msingi la kanisa palepale. Tarehe ni za kweli. Lakini wale walioachwa huru na kuwa waumini wa mwanzo wa kanisa lile hawakununua uhuru wao kwa hoja, na sidhani wangependa minyororo yao itumike kumnyamazisha mtu.

Nikarudi barazani na mfano badala ya aya. Nilimsimulia mzee Mathayo 20, mwenye shamba aliyeajiri vibarua alfajiri kwa dinari moja ya kutwa, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na saa kumi na moja. (Sisi Waswahili hatuna haja ya mtu kutufafanulia saa hizo. Saa kumi na moja ni jioni, wachumaji wanateremka mitini.) Jioni akawalipa wote sawasawa. Mzee, ambaye amelipa wachumaji kwa pishi maisha yake yote, alisikiliza kwa makini, kisha akacheka. "Huyo bwana msimu ujao hapati mchumaji wa asubuhi hata mmoja. Wote watakuja saa kumi na moja."

Nikacheka naye, kwa kuwa ni kweli tupu. Na swali lake ni lilelile la mpwa wake: kama malipo ni sawa, nani ataamka mapema? Kama nimesamehewa bure, nini kitanizuia kesho? Paulo naye aliulizwa, akaliandika yeye mwenyewe katika Warumi 6:1: "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi?" Nadhani kama hakuna anayetuuliza hivi, huenda tunachohubiri si neema bado. Paulo akajibu "Hasha!", kisha akaeleza kwa sura nzima, bila kumwita muulizaji mjinga.

Yule bwana wa shamba hata hesabu hakuzitetea. Aliuliza tu: "Au jicho lako limekuwa ovu kwa sababu ya mimi kuwa mwema?" Niliposoma hapo mzee hakucheka tena. Alisema, "Hilo swali zito," akaendelea kuchambua. Sikuongeza neno. Ilinichukua nguvu kutoongeza.

Ilibaki deni kwa kijana. Tangu usiku ule alikuwa akiniitikia salamu huku anatazama pembeni. Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, nilimkuta barazani peke yake na chungu ya karafuu mbichi mbele yake. Nilimwambia nimekosa. Uliuliza swali zuri, nikakujibu kwa ubaya, tena nikaisema dini yako bila kuijua. Nisamehe.

Akanitazama kwa muda. "Kwani mwalimu, kwa dini yenu si umeshasamehewa?"

"Kwa Mungu, naamini hivyo. Kwako ndiyo nimekuja kuomba."

Akatabasamu kidogo, akasogea kwenye mkeka, akanisukumia ungo. "Kaa basi. Na leo makonyo uyatoe."